Hori limejaa, mwanakondoo kazaliwa mdogo: kisa cha mitamba wa Aberdeen

Mfugaji akikuta asubuhi mwanakondoo wa kilo mbili na ushei, anatetemeka na hana nguvu za kuifikia chuchu, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba mama yake hakula vya kutosha. Mara nyingi atakuwa amesema kweli. Kisa ninachokichambua hapa ni cha kondoo waliokula mpaka wakasaza, tangu mimba kutunga hadi kuzaa, wakanona, kisha wakazaa watoto wadogo kuliko wenzao waliokuwa wakipimiwa chakula.

Kilitokea Scotland, katika Taasisi ya Rowett, pembezoni mwa jiji la Aberdeen, na matokeo yake yalianza kuchapishwa katika miaka ya 1990. Aliyeongoza kazi hiyo kwa miaka mingi ni Jacqueline Wallace. Taasisi yenyewe, ambayo tangu 2008 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Aberdeen, ina mkono wake katika historia yetu. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Boyd Orr, ndiye aliyechapisha mwaka 1931, pamoja na daktari John Gilks wa serikali ya kikoloni ya Kenya, ile ripoti iliyolinganisha afya na vyakula vya Wamasai na Wakikuyu. Baadaye Orr akawa mkuu wa kwanza wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kwa hiyo swali la nani anakula nini, na mwili unakifanyia nini, limeulizwa pale kwa zaidi ya karne.

Ili mshangao wa kisa hiki ueleweke, lazima kwanza tujue watu walikuwa wakiamini nini. Katika miaka ya 1940, huko Cambridge, John Hammond alieleza jinsi mwili wa mnyama unavyogawa chakula kilichokwisha kuingia kwenye damu. Kwa maelezo yake, kila kiungo hupata fungu kulingana na kasi ya kazi yake: ubongo na mwana aliye tumboni hutangulia, hufuata mifupa, kisha nyama, na mafuta hupata kinachobaki. Mwanafunzi wake kutoka New Zealand, L. R. Wallace (majina ya ukoo yamegongana tu), alichapisha mwaka 1948 majaribio yaliyoonyesha kwamba kondoo wakibaniwa chakula katika wiki sita za mwisho za mimba, wanakondoo huzaliwa wepesi, hasa mapacha. Mafundisho hayo mawili yakashikana vizuri: mwana anatangulia kwenye foleni, na foleni ikikosa chakula mwishoni ndipo anapoumia. Ushauri unaotolewa kwa wafugaji mpaka leo, wa kuongeza pumba na mashudu mwezi na nusu kabla ya kuzaa, umetoka hapo. Ni ushauri mzuri. Ila ulijengwa juu ya kondoo waliokwisha kukomaa.

Wallace wa Aberdeen aliuliza habari za mtamba, yaani kondoo jike mchanga ambaye bado anakua. Huyo anapobeba mimba, katika mwili mmoja kuna wawili wanaotaka kukua. Nani hutangulia?

Namna walivyoliandaa jaribio inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu nguvu ya jibu iko hapo. Ukichukua mitamba ishirini na kuwapandisha kwa dume kama kawaida, baadhi watabeba mapacha, baadhi mmoja. Watoto watakuwa na damu za baba na mama mbalimbali. Na watakapozaliwa hutajua kama udogo wa huyu umetokana na hori, na urithi, au na pacha aliyemnyang'anya nafasi. Watafiti waliziba mianya hiyo yote. Walichukua kondoo jike wakubwa, wakawapa homoni ili watoe mayai mengi kwa pamoja, wakawahimilisha kwa mbegu za dume mmoja. Siku chache baadaye wakavitoa viinitete, yaani mimba zilizotunga karibuni, na kumpandikizia kila mtamba kiinitete kimoja tu. Mitamba hao walikuwa na umri wa miezi minane hivi na uzito wa kilo arobaini na ushei, wakubwa wa kutosha kushika mimba, wadogo wa kutosha kuwa bado wana safari ya kukua.

Kisha wakawagawa. Wote walipewa chakula cha aina moja. Tofauti ilikuwa kipimo. Kundi la kwanza lilipimiwa kiasi cha kumwezesha mtamba kuongezeka taratibu, gramu 50 hadi 75 hivi kwa siku, bila kunona wala kukonda. Kundi la pili liliwekewa chakula mpaka kila mtamba ashibe, na wakawa wanaongezeka zaidi ya gramu 200 kwa siku.

Mtu angepita bandani katika mwezi wa nne wa mimba akaambiwa achague kundi litakalozaa watoto wakubwa, angeonyesha kidole kwa wale walionona. Nami ningefanya hivyo, na naamini karibu kila mfugaji ninayemfahamu angefanya hivyo.

Mimba zilipofika mwisho, matokeo yakawa kinyume. Wanakondoo wa mitamba walioshiba walizaliwa wepesi kwa kati ya robo na theluthi kuliko wale wa mitamba waliopimiwa, kutegemea jaribio. Takriban nusu yao walikuwa wadogo kiasi cha kuhesabiwa kuwa ukuaji wao ulizuiliwa tumboni. Walizaliwa mapema, kwa wastani wa siku tatu hivi, jambo ambalo kwa mnyama anayebeba mimba siku 145 hadi 150 si dogo. Mimba zilizoharibika katika kipindi cha mwisho zilikuwa nyingi zaidi upande wa walioshiba. Na mama hao walionona, ambao mtu angedhani wana maziwa tele, walikuwa na dang'a, yale maziwa ya kwanza, kidogo sana wakati wa kuzaa. Mtoto mdogo, mama mnene, kiwele kitupu: mambo matatu ambayo hatukuzoea kuyaona pamoja.

Majaribio yalirudiwa mara nyingi kwa miaka iliyofuata, na mwelekeo ukabaki uleule. Kwa hiyo kazi ikawa kutafuta chakula kile kilikwenda wapi.

Sehemu ya jibu inaonekana kwa macho: kilikwenda mgongoni na mbavuni mwa mama. Damu ya mitamba walioshiba ilikuwa na insulini nyingi na homoni nyingine zinazohimiza mwili kujenga nyama na kuweka mafuta. Mwili wao ulipokea ujumbe wa kukua, nao ukatii. Lakini hilo peke yake halitoshi kueleza udogo wa mwana, kwa sababu damu ya mama hao ilikuwa na sukari ya kutosha, hata kuzidi. Mwana alikuwa anapungukiwa ng'ambo ya pili ya mpaka ambao upande wake wa kwanza umejaa chakula.

Mpaka huo ni kondo la nyuma, au zalio kama wafugaji wengi wanavyoliita. La kondoo si sahani moja kama la binadamu. Ni vifundo vingi, kati ya 70 na 100 hivi, vilivyotawanyika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na katika kila kifundo mishipa ya mama na mishipa ya mwana hukaribiana bila damu zao kuchanganyika. Sukari, oksijeni na malighafi za protini huvuka hapo. Jambo la kulishika ni ratiba yake: zalio hukua kwa kasi katika nusu ya kwanza ya mimba, na kufikia siku ya 80 au 90 limekaribia uzito wake wote. Wakati huo mwanakondoo mwenyewe hajafikisha hata robo ya uzito atakaozaliwa nao. Zaidi ya thuluthi mbili za uzito huo huja katika wiki sita za mwisho, wakati ambapo zalio halikui tena. Tangi linaweza kujaa pomoni, lakini bomba lililowekwa mwezi wa pili ndilo litakaloamua maji mangapi yatafika shambani mwezi wa tano.

Mazalio ya mitamba walioshiba, yalipopimwa mwishoni mwa mimba, yalikuwa mepesi kwa takriban theluthi moja. Uzito wa mwanakondoo ulifuatana na uzito wa zalio lake kwa ukaribu sana. Watafiti wakajiuliza kama zalio hilo dogo lilikuwa pia na kasoro ya utendaji. Walipopima, walikuta kwamba gramu kwa gramu lilipitisha sukari sawasawa na zalio kubwa. Halikuwa bovu. Lilikuwa dogo tu. Mimi naliona hili kuwa tokeo lenye uzito kuliko mengine yote ya kisa hiki, maana linahamisha swali kutoka wiki za mwisho, ambako wafugaji na wataalamu tumezoea kuangalia, kwenda kwenye wiki za mwanzo ambako tumbo hata halijaonekana.

Walipofuatilia nyuma zaidi walikuta kwamba damu inayokwenda kwenye mfuko wa uzazi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja karibu na katikati ya mimba, kabla hata tofauti ya uzito wa zalio haijajitokeza. Mishipa midogo ya damu katika vifundo haikuwa imetandaa inavyotakiwa. Projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, nayo ilikuwa chini, na sababu yake inasikitisha kwa urahisi wake: kondoo anapokula sana damu hupita kwa wingi kwenye ini, na ini huiondoa homoni hiyo haraka kuliko kawaida. Kuwaongezea mitamba projesteroni katika siku za mwanzo za mimba kulisaidia kwa kiasi, hakukuondoa tatizo. Na ng'ambo ya pili, mwanakondoo aliyebanwa alikuwa na sukari kidogo na oksijeni kidogo katika damu yake. Mwili wake ulifanya kile unachoweza: ukaulinda ubongo, ukaviacha viungo vingine vikabaki nyuma. Ndiyo maana wanakondoo hao huzaliwa na kichwa kinachoonekana kikubwa kwa kiwiliwili chao.

Uchambuzi ungeishia hapo, mtu angeweza kudai kwamba wingi wa chakula ni mbaya kwa kondoo mwenye mimba, basi. Majaribio matatu yaliyofuata yanakataza kusema hivyo, na kila moja linakataza kwa njia yake.

La kwanza, lililochapishwa mwaka 1999, lilibadili kipimo siku ya 50, mwisho wa theluthi ya kwanza ya mimba. Baadhi ya mitamba waliokuwa wakishiba walirudishwa kwenye chakula cha kupimiwa, na baadhi ya waliopimiwa wakafunguliwa hori. Waliorudishwa walizaa wanakondoo wenye uzito mzuri na mazalio makubwa, licha ya kushiba kwao kwa wiki saba za mwanzo. Waliofunguliwa hori siku ya 50 walipata zalio dogo na mtoto mdogo, kama wale walioshiba tangu mwanzo. Kumbe kuna dirisha, na mtu anayegundua mwezi wa pili kwamba mitamba wake wananona mno bado ana nafasi ya kurekebisha.

La pili liliwahusu kondoo wakubwa. Nao walipandikiziwa kiinitete kimoja kimoja, nao walishibishwa. Walinona. Wanakondoo wao hawakupungua uzito. Hapa ndipo umri wa mama unapojitenga na unene wake. Kondoo aliyemaliza kukua akila kupita kiasi hujinenepesha, na hiyo ina hasara zake, ila zalio hujengwa. Foleni ya Hammond, ambayo mwana hutangulia, inamhusu huyu. Kwa mtamba anayekua foleni hupinduka, na mafuta ambayo Hammond aliyaweka mwisho yanapita mbele ya mwana.

La tatu ndilo linalotugusa zaidi sisi tunaofugia kwenye nchi za ukame. Mitamba wa umri uleule walipewa chakula pungufu, kiasi kwamba ukuaji wao wenyewe ulisimama. Watoto wao nao walizaliwa wepesi, lakini si kwa kiwango cha walioshibishwa. Upungufu ulikuwa chini ya moja ya tano hivi ya uzito, na zalio lao lilikuwa la ukubwa wa kawaida. Udogo uleule, chanzo kingine kabisa. Huyu wa njaa mpaka wake ulikuwa mzima na chakula cha kuvusha ndicho kilichokosekana, kadiri akiba ya mwili wa mama ilivyokwisha. Mtu akiwakuta wanakondoo wawili hawa wamelala kando kando kwenye majani, mizani haitamwambia nani katoka wapi. Itabidi amtazame mama: ashike mgongo wake juu ya kiuno, aone kama mifupa inachoma au imezama kwenye mafuta. Na kama zalio bado lipo, alitazame kabla mbwa hawajalichukua.

Kuna upande wa binadamu, na sitaki kuuruka, kwa sababu Wallace mwenyewe alianza kazi hii akiwa na wasichana wadogo wenye mimba akilini. Katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey, Theresa Scholl na wenzake walifuatilia wasichana wajawazito, na mwaka 1994 wakachapisha walichokiona. Wasichana waliokuwa bado wanarefuka wakati wa mimba waliongezeka uzito zaidi, wakabaki na mafuta zaidi baada ya kujifungua, na hata hivyo watoto wao walikuwa wepesi kwa gramu 155 hivi kuliko wa wenzao waliokwisha kukua. Mfanano na mitamba wa Aberdeen ni mkubwa. Lakini yeyote atakayetumia kisa hiki kumnyima chakula msichana mjamzito atakuwa amekisoma vibaya na atamdhuru. Mitamba wa Aberdeen walisukumwa kwenye unene ambao wasichana wengi wa vijijini kwetu hawaukaribii, na kundi lililobaniwa chakula pia lilizaa watoto wadogo. Kwa msichana, tatizo liko kwenye mimba ya utotoni yenyewe.

Nirudi kwa mifugo. Je, mfugaji wa Kajiado au Monduli ana hatari ya kuwashibisha mitamba wake kupita kiasi? Kwenye malisho ya wazi, katika kiangazi, karibu haiwezekani. Hatari yake ni ile ya mitamba wa njaa wa jaribio la tatu, na dawa yake ni ileile ya L. R. Wallace: chakula cha ziada katika wiki sita za mwisho, hasa kwa wenye mapacha. Wanaopaswa kukisoma kisa hiki kwa makini ni wafugaji wa Dorper, kondoo wa nyama, walio karibu na miji, wanaofugia bandani, wenye silaji (majani yaliyovundikwa), mashudu na chumvi ya madini, na ambao wanataka kila mtamba azae mapema ili pesa irudi. Hao nimewaona wengi. Mtamba anapandwa akiwa na miezi saba au minane, anafurahiwa, anatengewa hori lake na kuongezewa pumba kila jioni kwa upendo wa kweli. Kisha anazaa kitoto kidogo na lawama zinamwendea dume, au mbegu, au jirani mwenye jicho baya.

Kwa hao kuna mambo ya kufanya ambayo hayahitaji maabara. Mtamba asipandwe kabla ya kufikisha thuluthi mbili hivi za uzito wa kondoo mkubwa wa aina yake, maana kadiri anavyokuwa na safari fupi ya kukua ndivyo ugomvi wake na mwana unavyopungua. Dume atengwe, na pale ambapo haiwezekani kumtenga, ipo njia ya Wamasai ya kumfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo, ambayo imepanga misimu ya kuzaa tangu kabla ya kuwapo kwa taasisi yoyote ya utafiti. Mtamba aliyeshika mimba alishwe mbali na wale wanaononeshwa kwa ajili ya kuuzwa. Nimeona hili likipuuzwa zaidi kuliko yote, kwa kuwa banda ni moja na ndoo ni moja. Aongezeke taratibu kwa miezi mitatu ya kwanza, hali ya mwili wake ikikaguliwa kwa mkono mara kwa mara, na kipimo kipandishwe kadiri wiki za mwisho zinavyokaribia. Kipimo hicho kishuke au kipande hatua kwa hatua, kwa sababu kumkatia chakula ghafla kondoo mnene mwenye mimba kubwa kunaweza kumletea sumu ya mimba, ugonjwa unaoua mama na mwana kwa siku chache.

Na kama mambo yamekwisha kuharibika, mtamba amenona na mwezi wa tano umeingia, zalio halitakua tena. Kilichobaki ni kujiandaa kwa siku ya kuzaa. Atazamiwe siku kadhaa kabla ya tarehe iliyohesabiwa. Patengwe mahali pakavu pasipo na upepo, kwa kuwa mwanakondoo mdogo ana akiba ndogo ya mafuta ya kujipasha joto. Zaidi ya yote itafutwe dang'a mapema, kutoka kwa kondoo mwingine aliyezaa karibuni katika kundi hilohilo, kwa sababu kinga yote ya mwanakondoo dhidi ya magonjwa ya siku za kwanza inatoka humo na ya mama yake huenda isitoshe. Kiasi kinachoshauriwa ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa mbili za mwanzo, na jumla ya mililita 200 kwa kila kilo ndani ya siku ya kwanza. Kwa mwanakondoo wa kilo mbili na nusu hiyo ni mililita 125 mara ya kwanza, na nusu lita kufikia saa kama hiyo kesho yake.